Kumtafutia Baba Bendi

Jumamosi, 7 Machi

Makambako tena. Baa ya pili leo. Bango limeandikwa BENDI MUBASHARA kwa herufi za kutisha. Bendi yenyewe: kinanda kimoja, flashi, na kijana anayefungua mdomo wimbo ukiwa umeshaanza. Baba alimtazama vidole tu. "Huyu hata hagusi!" Alisema kwa sauti ya kusikika baa nzima. Siku hizi hajui anapiga kelele kiasi gani. Watu walicheka, na mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Tumerudi Njombe na baridi yetu.

Jumapili, 8 Machi

Miguu inauma. Hasira pia.

Daktari alisema sikio la kushoto limeshakwenda, la kulia linafuata, na halitachukua muda. Baba hakulia. Aliomba kitu kimoja: asikie bendi ya watu, wanaopuliza na kupiga kweli, kabla sikio hilo halijafunga. Mtu aliyepiga tarumbeta ujana wake wote. Nikajibu, "Hilo tu, Baba? Dogo hilo." Mdomo wangu huu!

Jumamosi, 14 Machi

Lyamkena. Jirani aliapa kwamba kikundi cha maigizo cha pale kina ngoma na gitaa. Gitaa lipo, limetundikwa ukutani, halina nyuzi. Mchezo ulihusu mama mkwe mbaya. Kila mwigizaji akilia, akina mama wanainuka wanakwenda kumtunza, wanambandika noti usoni, wanacheza kidogo, wanarudi kukaa. Mama mkwe alikufa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alitunzwa sana. Muziki? Flashi.

Nilikuwa nampigia Baba kelele sikioni ili aelewe. Dada mmoja nyuma yangu akaniambia nipunguze sauti. Nilimjibu vibaya. Sijutii.

Jumamosi, 21 Machi

Leo hapa hapa Njombe, ukumbi wa sherehe. Meneja: "Bendi zilishakufa, mama. Watu wanataka DJ." Alinitazama kana kwamba nimeulizia koroboi.

Tukirudi, tumepita nyuma ya kanisa. Vijana wanafanya mazoezi ya matarumbeta. Shaba tupu, mashavu yamevimba, wanakosea, wanarudia. Kitu kile kile ninachokitafuta mkoa mzima! Nikamshika Baba mkono. Akautoa, akakaza mwendo.

Sababu ninaijua. Alikuwa mpigaji wao. Akaenda kupiga na bendi ya dansi Makambako, baa, wanawake, pombe ya ulanzi, yote. Kanisa likamtenga. Ili arudi kundini lazima asimame mbele ya usharika atubu. Mama alimsihi mpaka anakufa. Jibu ni moja: "Nitubu nini? Nilipiga tarumbeta."

Jumanne, 24 Machi

Tumegombana. Nilimwambia, Baba, simama dakika mbili, sema umekosa, ukae, usikilize. Akasema hatasema uongo madhabahuni kwa ajili ya masikio. Nikamwambia basi ufe na kiburi chako. Nimemwambia hivyo baba yangu mzazi! Halafu sikujua kama amesikia. Hicho ndicho kinaniudhi kuliko vyote, sijui kama niombe radhi.

Hakula ugali. Nami sikula.

Jumatano, 1 Aprili

Mwalimu Rehema, anayefundisha matarumbeta ya usharika, kaja kwenye kibanda changu cha kushonea kuchukua koti nililompunguzia. Nikamwaga yote, hata cherehani nilisimamisha. Alisikiliza, akavaa koti, akajiangalia kwenye kioo.

"Dada, alfajiri ya Pasaka tunapiga makaburini kabla ya kuingia ibadani. Makaburini hatumtengi mtu."

Mama amezikwa pale pale. Kila Pasaka mimi nakwenda, Baba anabaki nyumbani anapasua kuni. Miaka yote hiyo sikuwaza!

Nimempelekea Baba habari. "Nakwenda kwa mke wangu," akasema. Haya. Na iwe kwa mke wake.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Ukungu, hatuonani vizuri. Baba na koti lake jeusi, amenyoa ndevu. Wazee wa kanisa wamemsalimia, kamwene, kamwene, hakuna aliyeuliza kitu.

Vijana wa matarumbeta wakaanza. Ubeti wa kwanza ukaisha. Baba amesimama kando ya kaburi la Mama, anangoja.

"Mbona hawaanzi?"

Nikamshika mkono, nikampitisha katikati ya watu hadi kwa kijana mwenye pembe kubwa la besi. Rehema aliona, hakusimamisha wimbo. Baba akainamisha sikio la kulia mpaka karibu liingie ndani. Akakaa hivyo. Kisha kidole chake kikaanza kupiga pajani.

"Lile kubwa nalisikia," akaniambia. Kwa kelele, kama kawaida. Hakuna aliyecheka.

Alisimama pale mpaka wimbo wa mwisho. Watu wakaingia kanisani, sisi tukashuka nyumbani. Nimemchemshia chai. Akanywa nusu kikombe, ndipo akauliza tarumbeta dogo la kwanza, lile alilokuwa akipiga yeye, limepigwaje leo.

Lilikwaruza mwanzo mwisho. Nikamsogelea sikioni nikamwambia limepigwa vizuri sana.

Akaomba sukari.