Saumu ya Nusu Siku

Malindi, 27 Oktoba 1970

Kwa mama yangu Bi Kazija,

Shikamoo. Sisi wazima, ila uchovu. Miguu yako je, imetulia?

Mume wangu Bakar anakuletea mjukuu wako Jaku kama ulivyotaka, mie nipate wiki moja ya kulala. Miaka sita sijalala usiku mzima. Nakuomba, mama, fuata alivyosema daktari: ini la Jaku linaweka sukari, lakini kuitoa halijui. Akikaa na njaa, damu inabaki tupu. Tumbo lile kubwa si minyoo. Saa mbili, saa tano, saa nane, saa kumi na moja, mchana na usiku, uji. Hataki, mlishe. Mwezi ukiandama, yeye hafungi.

Mwanao,
Mwanapili

Mkokotoni, 3 Novemba 1970

Mwanangu Mwanapili,

Marahaba. Miguu ndo hiyo hiyo, nashukuru. Mie nasema, Mwatima wa jirani anaandika.

Jaku hajambo, usiku namwamsha saa zako zote. Lakini watoto wa hapa wamemwita kobe, mla mchana, mpaka kalia. Kanambia, "Bibi, na mie nataka kufunga." Nkaona saumu ya kitoto, mpaka adhuhuri tu, haina madhara, nyote nliwafundisha hivyo. Tangu daku hajatia kitu mdomoni, mwanamme kweli. Nshampikia tambi za nazi, zinamngoja. Sasa kalala hapa mkekani, jasho linamtoka, namwita haitikii kwa usingizi. Adhana ikilia ntamwamsha.

Mama yako

Malindi, 21 Novemba 1970

Mama,

Shikamoo. Afya yako leo siulizi.

Barua yako nimeisomea hospitali, walikomkimbiza Jaku kakaza meno kwa degedege. Siku nne hakunijua. Sasa anazungumza, lakini mkono wa kushoto haushiki kijiko.

Nliandika hafungi. Sikuandika afunge kidogo. Ulitufundisha sote, ndiyo, na sote maini yetu mazima. Nna hasira na wewe, na mama mkwe anayesema namdekeza, na muuguzi aliyeniuliza mbele za watu kwa nini simlishi mwanangu.

Bakar kaniletea salamu zako, kwamba unamtaka tena sikukuu ya Iddi. Hupewi. Daktari anasema mkono utarudi tukiufanyisha kazi, na mie namwamini. Njoo wewe. Panda gari la asubuhi la kuja huku mjini, ulete nguo za mwezi mzima. Uji wa saa nane ya usiku utaupika wewe, utamwamsha wewe, akikutemea utampa tena. Mie ntalala chumba cha pili, na nkisikia kimya ntainuka.

Mwanao,
Mwanapili