Yule Mwingereza wa Kanda Zako

Shangazi Zuhura, shikamoo. Mimi mzima, ila mvua ya Guangzhou haikatiki na joto halipungui.

Unamkumbuka yule Mwingereza mwenye masikio makubwa, wa kwenye kanda zako za video? Mara daktari, mara kasisi, na kila filamu lazima afe? Leo mchana niliikimbia mvua nikaingia hoteli ya Waislamu hapa barabara ya Guangyuan Xilu, nikamkuta anakula tambi peke yake. Nikamwambia, "Mzee, shangazi yangu kule Unguja amekulilia sana." Alicheka mpaka akaweka vijiti chini.

Kumbe anaitwa Leonard. Kazi zilipomwishia kwao, alihamia huku kuigiza Wazungu kwenye tamthilia za Kichina. Asubuhi ya leo watengeneza tamthilia walikuwa wamemkataa, eti amezeeka, hawezi tena kuanguka.

"Maisha yangu yote," akasema, "hakuna aliyewahi kulijua jina langu."

"Hata sisi hatukulijua," nikamjibu, "lakini kila ulipokufa, chumba kizima kilinyamaza." Nikamwomba afe kidogo, kwa ajili yako.

Akainuka, akashika kifua, akayumba, akaporomoka taratibu kando ya meza. Mwenye hoteli akaja mbio na maji, anapiga mayowe. Mzee akafumbua jicho moja. Watu wote wakapiga makofi, naye akabaki pale sakafuni, analia na kucheka, hataki kuinuliwa.

Mungu akupe afya, shangazi yangu. Nimekukumbuka mno.

Mwanao, Saumu