Nimemkimbia mke wangu kwa sababu ya majibu ya damu

Shikamoo Bi Mwanakombo, naomba unisaidie maana aibu imenifunga mdomo, mimi ni mkulima wa korosho hapa Mkunya, nimonia ilikuwa inanirudia kila mara mpaka nikapelekwa hospitali kubwa, wakanitoa damu, daktari akasema kingamwili zangu ziko chini, nirudi kwa vipimo zaidi, nami niliposikia kinga ziko chini nikajua ndiyo UKIMWI, ingawa kipimo cha virusi kilisema sina, nikaona haya kuuliza, nikaitikia tu "sawa daktari" nikatoka, na tangu hapo nimehamia kwenye kibanda cha shambani, sahani yangu mbali, mwanangu Stamili akija kunikumbatia namkwepa, mke wangu Hamida akanifuata akilia, "Baba Stamili, kama umepata mwingine niambie," nikainama kimya, nikaona heri anidhanie mhuni kuliko ajue naumwa nini, sasa amemchukua mtoto amerudi kwao Tandahimba, kaka zake wanataka nitoe talaka, nami nafikiri niitoe tu nisije nikawaambukiza, nifanyeje?

Baba Stamili, Mkunya

Marahaba, Baba Stamili. Pole kwa kuugua, ila kwa huko kunyamaza sikupi pole. Umemwacha mwenzio alie akidhani ana mke mwenza, kwa ugonjwa ambao hakuna aliyekuambia unao!

Kingamwili ni askari ambao mwili unawatengeneza kwenye damu wapambane na vijidudu. Askari wako wamepungua, na huenda ndiyo maana nimonia haikuachi. Kuna waliozaliwa hivyo, kuna wanaopunguziwa na dawa fulani, au na maradhi ya figo, au ugonjwa mwingine. Wewe ni lipi? Jibu lile moja halisemi, ndiyo sababu daktari alikutaka urudi. Upungufu wenyewe hauambukizi, si kwa sahani, si kwa kitanda, wala kwa mtoto kukukumbatia. Kama bado una hofu ya virusi, mwambie daktari waziwazi, yeye ataamua kama upimwe tena.

Talaka usiitamke. Nenda Tandahimba, umwambie Hamida ulichokiogopa, na kaka zake wasikie. Kisha mwende wote hospitali, ulimi wako ukiwa mzito yeye atauliza. Na homa au kifua vikikushika kabla ya hapo, usingoje, usinywe mizizi ya jirani. Siku hiyohiyo fika kituo cha afya useme kingamwili zako ziko chini. Useme kwa sauti.