Rota Anayo Binti Yangu

Kipara, upo? Acha kila kitu usome hii. Nimefungwa, mzee mwenzio. Nimefungwa na binti yangu wa kuzaa!

Lile lori langu kuukuu la petroli unalijua. Nimebadilisha koili, plagi na waya zote, cheche hakuna. Nilikuwa niondoke leo kimyakimya, nguo nimeshapakia. Kifuniko cha distribyuta sikukifungua tena, maana nilikifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Leo nikakifungua. Rota haipo! Kile kidude cha kugawa moto kwa plagi, hakipo!

Nikapiga kelele uani, "Mwizi kaingia!" Binti yangu akatoka jikoni anajifuta mikono, hana hata wasiwasi. "Hakuna mwizi, Baba. Ninayo mimi."

Anayo yeye! Nikamuuliza nani kamfundisha kuchomoa rota.

"Wewe. Nilikuwa mdogo, tumelala safarini ndani ya lori. Ukasema gari unalolipenda usililaze na rota yake, utaamka hulioni."

Kumbe nimejifunga mwenyewe, Kipara. Mimi, na mdomo huu!

Nikamfokea, "Kwa hiyo mimi ni mfungwa wako?" Unajua alifanya nini? Akaitoa mfukoni, akanipa. "Haya Baba, nenda. Ila safari hii niage."

Niage! Kisha akarudi zake jikoni.

Angeendelea kuificha ningetoroka hata kwa miguu. Sasa rota nimeshaifunga, geti liko wazi, na nimeganda kwenye usukani. Kuwasha naweza. Kwenda jikoni kumwambia kwaheri, miguu imekataa.