Jenereta ya Mama

Jumanne, Bwera

Bado sijui ninunue ipi. Tangu Mama atoke hospitali na mashine ya oksijeni, umeme ukikatika nayo inazima.

Leo sokoni Mpondwe, mpakani na Kongo, muuzaji Mkongo alinionyesha jenereta ndogo ya petroli. "Dada, hii iko na nguvu, haiko na makelele." Jirani yetu, afande mstaafu aliyenisindikiza, akanivuta pembeni: "Wacha hiyo! Chukua ya dizeli." Hakuna aliyejua mashine ya Mama inakula umeme kiasi gani. Hata mimi.

Nikarudi mikono mitupu. Mama akauliza nimechagua ipi. Nikamwambia ukweli, nimechanganyikiwa.

"Basi kesho twende wote, mimi na mashine yangu," akasema. "Itakayoiwasha vizuri, ndiyo hiyo."

Nimekubali. Sasa nawaza, njiani atapumua nini?