Kwa Sababu ya Hali ya Hewa

West Bay, Doha

Dada yangu Mwende,

Kabla ya yote, niambie habari za hapo nyumbani. Goti lako limepoa? Mama anakula, au bado anawamwagia kuku chakula chake halafu anasema ameshiba? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, ila roho iko huko kwenu. Nimeandika badala ya kutuma sauti kwa sababu ulisema Mama akinisikia kwenye simu huinuka kwenda kunitafuta chumba cha pili. Barua atakuletea Kavata, tunayesali naye hapa, anakuja likizo. Mpe chai, na usimwache aende bila kula muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa na maharagwe, maana huku tunaota muthokoi kama watoto.

Uliniuliza Mama akisema kila asubuhi, "Mumbua mbona hajarudi?" umjibu nini. Ukimwambia ukweli kwamba niko Qatar anakuja juu, "Nani alimruhusu?" halafu analia, na kesho mnaanza upya. Dada, hakuna swali ungeniuliza ninalolijua kuliko hilo. Ndiyo kazi yangu ya kila siku, ila mimi naifanya kwa Kiaislandi.

Usicheke. Unajua niliacha kutandika vitanda hotelini nikaja kumtunza mama yake Bwana Einar, injinia wa kutoka Aislandi, nchi ya baridi kule juu kabisa kwenye ramani. Bibi Gudrun alijua Kiingereza zamani, lakini kimemtoka chote, imebaki lugha ya kwao tu. Na kila siku akishakunywa kahawa anauliza mbona mumewe hajafika. Mumewe alikuwa dereva wa lori la maziwa. Alikufa Einar akiwa bado kijana.

Mwanzoni Einar alimwambia ukweli, na Bibi akawa anafiwa upya kila siku. Nani anaweza kuzika kila siku? Tukakubaliana tumpe sababu nyingine. Mimi nafikiria sababu kwa Kiingereza, namtumia Einar kazini, naye ananirudishia kwa sauti kwa lugha yao, nami nakariri hadi mate yanakauka. Neno lenyewe ni moja tu, vegna, ndiyo "kwa sababu ya" yao. Ukilishika hilo, mzigo wowote unaupakia nyuma.

Nikaanza na kazi. Vegna vinnu, nikasema, kwa sababu ya kazi. Bibi akanikazia macho akasema maneno marefu, na jioni Einar akanieleza: "Anasema mumewe hajawahi kukosa chakula cha jioni kwa sababu ya kazi." Nikajaribu msongamano wa magari. Hapo alicheka! Kijiji chao kilikuwa na magari matatu, na moja ni la mumewe. Basi nikaleta yale maneno mazito tuliyokuwa tukibandika hotelini lifti ikiharibika, kwamba ni kutokana na hali isiyotarajiwa. Kwa lugha yao yakatoka marefu mpaka pumzi ikaniishia katikati, naye Bibi akanigonga mgongoni akidhani nimepaliwa.

Siku hizo nilikuwa nikifanya mazoezi kwenye lifti. Okello, yule askari Mganda wa mlangoni, akanisikia.

"Sister, hiyo ni lugha ama unanena kwa ndimi?"

"Namtafutia marehemu kisingizio," nikamwambia.

"Eh! Basi mtafutie na mimi kimoja, supavaiza ananingoja hapo."

Sababu iliyoshika ilikuja yenyewe. Siku moja upepo wa mchanga ulivuma, jengo la jirani likapotea kabisa. Bibi akauliza swali lake. Nikamwonyesha dirisha, nikasema, vegna veðurs, kwa sababu ya hali ya hewa. Akatazama. Akaitikia kwa kichwa, akavuta sweta yake mabegani, akaendelea kufuma. Hakulia wala hakubisha. Einar akaniambia kwao theluji ikifunga njia ya mlimani, dereva analala kwenye nyumba yoyote atakayoifikia, na hakuna mke anayegombana na hali ya hewa. Mtu hana kosa, na yuko mahali anakunywa kahawa. Tangu hapo hatujatafuta sababu nyingine. Jua linawaka huko nje mpaka viatu vinanata kwenye lami, sisi tumefunga mapazia tunaogopa theluji.

Kwa hiyo, Dada, jibu lako ni hili. Mama ukimwambia habari za baridi atakuona umerukwa na akili. Mwambie mto umejaa. Unakumbuka maji yakishuka ghafla kutoka milimani, watu wa soko wanakaa ng'ambo ile, sisi huku, tunaitana kwa sauti kubwa? Mama alikuwa anaketi tu akimenya mbaazi, hana wasiwasi, kwa kuwa anajua mtu wake yuko wapi na kimemzuia nini. Mwambie, "Mumbua yuko ng'ambo, mto umejaa." Ataelewa.

Nilikuwa nimalizie hapo. Lakini juzi Bibi alikunywa kahawa, akaweka kikombe chini, asiulize. Kesho yake hakuuliza. Mpaka leo hajauliza tena. Einar alifurahi, akasema sasa mama ana amani. Mimi niliingia jikoni nikamlilia mwanamume ambaye sijamwona hata siku moja. Nilikuwa nimemtetea siku nyingi hivi mpaka nami nikaanza kumngoja.

Nikiwa pale jikoni ndipo nikawafikiria ninyi. Mume wa Bibi ana sababu ya kutokuja, amekufa. Mimi niko hai, Dada. Miguu ninayo, pasipoti ninayo, likizo imo kwenye mkataba, na nimekufundisha cha kumdanganyia mama yetu.

Nikamwambia Einar nataka kwenda sasa, si baada ya kiangazi kama tulivyopatana. Akaanza kuhesabu shida zake: nani atabaki na mama, kwa nini iwe sasa? Kiingereza kilinikauka. Nikamwambia kwa lugha yake, vegna mömmu. Kwa sababu ya mama. Akageuka akautazama mlango wa chumba cha mama yake, kisha akasema nipange safari, atamwita dada yake aje kushika zamu. Nitakuwa kwenu mwezi ujao.

Msalimie shemeji, na umwambie asimchinje yule mbuzi kabla sijafika. Watoto wape salamu zao, hasa huyo wa mwisho anayeniita "shangazi wa simu" wakati mimi ni mama yake mdogo. Mshukuru sana mke wa mchungaji anayekuja kukaa na Mama ukienda shamba.

Mama usimwambie ninakuja, asije akakesha barazani. Ila mwache aulize. Najua unachoka, najua ni kila asubuhi, lakini nakuomba usimnyamazishe wala usimwambie ameshauliza. Nikifika hapo mlangoni nataka nimkute bado anauliza.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Mumbua