Baba, Tumefuta "Nyumba Hii Haiuzwi"

Baba,

Nyumba imeuzwa. Najua umeshasimama na kidole kimeshanyooka, kwa hiyo nakuomba kitu ambacho sikuwahi kukuomba ukiwa hai: nisikilize hadi mwisho ndipo unipinge. Mdomo huu nimeurithi kwako. Katika familia yetu hakuna aliyewahi kumaliza sentensi mbele yako isipokuwa Mama, na yeye humaliza zake polepole.

Ni kwa ajili yake tumeuza. Kifua chake hakiwezi tena moshi wa jaa la taka. Tangu ulipotuacha kikohozi kimemzidi. Jioni taka zikianza kuungua anafunga madirisha yote, anaketi kama mtu aliyefungiwa ndani ya jiko. Nimeliandika jaa hilo magazetini hadi wahariri wakaanza kunikwepa, na halijasogea hata hatua. Daktari akasema, kama jaa halihami, basi mama ahame. Mdogo wangu Nduku amempa kipande cha shamba lake kule Machakos, penye upepo safi. Kilichobaki ni nyumba yetu ya Dandora kupata bei ya kumjengea. Ikikosa, Mama anabaki kwenye moshi. Hiyo ndiyo vita niliyoingia, na unajua mimi vitani huenda bila kusukumwa.

Tulimpata broka anayeitwa Deno, mwanamume mnene wa viatu vyenye ncha. Alizunguka nyumba akigusa kuta kama daktari, kisha akasema, "Madam, mnunuzi wa siku hizi ananunua na macho." Akataka jipsam ya urembo kwenye dari, taili sebuleni, na rangi ya krimu kila mahali. Nikamuuliza krimu ni rangi ya nani. "Ya kila mtu, madam." Nikamwambia kitu cha kila mtu si cha mtu yeyote, nikamhutubia juu ya taifa linalojenga nyumba kama vyumba vya hoteli, likiona aibu kuonyesha kwamba kuna watu wanaishi ndani. Chai yake ikapoa. Nilipomaliza akauliza kwa upole, "Sasa, krimu hafifu ama krimu nzito?"

Taili na krimu nilizikubali, jipsam niliikataa kabisa. Huwezi kuvalisha dari suti huku mabati yanavuja. Tulianza na paa, halafu mabomba, halafu tangi la maji juu ya bafu, na kila chumba cha uani tunachopangisha kikapata mita yake ya stima. Jikoni tukaweka sinki mpya na dirisha pana. Siku fundi alipoondoka, Mama alisimama pale akafungua mfereji, akaufunga, akaufungua tena. "Kumbe iliwezekana," akasema, akacheka.

Baba, kicheko hicho kilinichoma. Sisi ni watu gani? Mama ameosha sufuria kwenye karai ujana wake wote, uzee nao ukamkuta pale pale, halafu mgeni tusiyemjua jina akatarajiwa kuja, na kwa muda mfupi tukapata fundi, sinki na nguvu. Tunamsafishia mnunuzi, tunampakia rangi mnunuzi, na mwenye nyumba anaonja kidogo akiwa njiani kuondoka. Nimesoma vitabu vingi juu ya unyonyaji, lakini sikujua mtu anaweza kujinyonya mwenyewe kwa bidii hivyo.

Basi tukafika ukuta wa mbele. Yale maandishi yako.

Nakumbuka siku ulipoyaandika. Wakora walikuwa wameuza nyumba ya barabara ya nyuma huku mwenyewe yuko mazishini kwao. Ukarudi na mkebe wa rangi nyekundu ya mafuta, ukaandika kwa mkono wako wa karani wa reli, herufi zimesimama wima kama zinasubiri kukaguliwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Kisha ukawaita majirani, Mama Akinyi wa ng'ambo na Mzee Wafula wa ukuta mmoja nasi, ukawaapisha. "Siku mkiona haya yamefutwa, msiulize. Pigeni nduru." Mimi nilikuwa mlangoni nikikucheka.

Sasa sicheki. Fundi alipaka krimu, kesho yake herufi zikajitokeza, za waridi. Akapaka tena. Zikarudi. Deno akatikisa kichwa. "Mzee wenu alikuwa na kichwa ngumu." Nikamjibu, "Bado anacho." Ikabidi plasta ikwanguliwe, na hata hivyo jua likipiga upande unaziona.

Hata rangi haijakauka vizuri, mnunuzi wa kwanza akaja na gari zuri. Mimi na Mama tulikuwa ndani tukichemsha chai, Deno akampokea getini. Ndipo tukasikia nduru.

Nilipotoka, barabara nzima ilikuwa pale. Mama Akinyi ameshika mwiko, una ugali bado. Mzee Wafula yuko na vesti na bakora.

"Wakora! Wamefuta maneno ya mzee!"

"Mimi ni broka tu!" Deno akalia.

"Si hiyo ndiyo tunasema!"

Nikapaza sauti kwamba mimi ni binti wa nyumba. Mzee Wafula akanitazama juu hadi chini. "Wewe ndiye wa kushukiwa kwanza. Tunakuona Krismasi na kwenye televisheni." Nikaanza kueleza sheria ya urithi, kwamba karatasi zote sasa ziko kwa jina la Mama. Hakuna aliyenisikiliza. Yule mnunuzi alirudi kinyumenyume na gari lake hadi barabara kuu.

Mama ndiye aliyewanyamazisha. Alitoka na leso begani, akasema kwa sauti ya chini, "Ni mimi nauza."

Mama Akinyi akashusha mwiko. "Unaenda wapi, Mama Mwende? Na hujaniambia mimi?"

Unaona tulichofanya? Tulimwambia broka, fundi wa paa, fundi wa bomba na muuza rangi. Majirani tuliwaacha wasome ukutani. Wao walikuwa bado wanalinda ahadi waliyokupa, Baba, na sisi watoto wako ndio tuliofanana na wezi.

Ile chai tukaiongeza maji, tukawaita wote uani. Mama akaeleza kifua chake, daktari, Machakos. Mama Akinyi akalia kidogo, akatukana kidogo, kisha akauliza, "Sasa huyo mnunuzi mwingine anakuja lini?"

Wa pili walikuwa muuguzi na mumewe, fundi wa magari. Walipofika walimkuta Mama Akinyi na Mzee Wafula wameketi kwenye benchi letu kama wenye mali. Deno hakupata nafasi ya kusema hata "karibuni." Wazee wale waliwaambia kila kitu, hadi mambo ambayo broka angeyazika: kwamba mvua kubwa ikinyesha mtaro wa nyuma hufurika, na kwamba wewe uliwafundisha wote kuuzibua. Nikamfinya Mama, "Wanatuharibia." Mama naye akawaongezea habari ya moshi wa jaa. Yule muuguzi akajibu kwamba wamekuwa wapangaji mitaa hii hii miaka yote, moshi wanaujua. Akauliza swali moja tu: akitoka zamu giza limeingia, itakuwaje?

"Unapiga simu kwangu," Mama Akinyi akasema. "Unangoja kwangu mpaka mumeo aje. Na utakula, maana umekonda."

Mumewe alikuwa akiutazama ukuta. "Hapa paliandikwa nini?" Deno akakohoa. Mzee Wafula akasimulia yote, na nduru akaipiga tena ili waelewe vizuri. Yule bwana alicheka mpaka akaegemea geti. "Nyumba ambayo majirani walikataa iuzwe," akasema, "ndiyo nimekuwa nikitafuta."

Hawakubishania bei. Deno anasema ni taili. Mwache.

Na krimu ile, Baba? Wameshapaka kijani.

Mama ana nyumba yake sasa. Bafuni kuna chuma cha kushikilia, na dirisha la chumbani ni kubwa kuliko mlango. Hajakohoa kiasi cha kutajwa. Amepata hata pumzi ya kubishana nami, na hushinda.

Lakini juzi Mama Akinyi alinipigia, nikamsikia yeye akikohoa. Muuguzi ana mtoto mchanga. Tumewauzia nyumba nzuri, na hewa yake tumewaachia vile vile. Najua wanavyofanya watu wa tabaka langu: wakihama, tatizo linakwisha. Mimi sitafanya hivyo. Nimeshawaandikia wahariri wale tena, na wakinikwepa nitawafuata ofisini, nikiwa na Mama Akinyi pembeni, na yeye ana mwiko.

Kwaheri, Baba. Pumzika. Jaa lile nitabishana nalo mimi mpaka lihame.

Binti yako,
Mwende